Bulanjeri yetu (kiwanda cha mikate) imekua, mizani imetupwa stoo. Kampuni ikipanuka lazima isahau ilikotoka?

#1 Karani_wa_Unga (Lubumbashi)
Salamu wandugu. Nina swali, limeninyima usingizi wiki mbili sasa.

Mimi ni mtunza hesabu wa bulanjeri moja hapa mjini. Jina nalihifadhi, bado nakula kwao. Nilipoingia tulikuwa watu saba na tanuri moja la kuni nyuma ya nyumba ya Mzee, mwenye bulanjeri. Mzee alikuwa na mambo mawili yasiyoguswa. La kwanza, donge la mkate mdogo lipimwe gramu 250 kabla ya kuingia motoni. Mizani ya mawe ilikaa mezani karibu na mlango, na mama yeyote aliruhusiwa kuweka mkate juu yake na kuangalia mwenyewe. La pili, mama wauzaji wachukue mkate saa kumi na moja alfajiri bila kutoa hata falanga, walipe jioni. Hakuna karatasi, ni daftari langu tu.

Leo tuko 64. Matanuri matatu ya umeme, jenereta, depo nne, na mshirika aliyeingiza dola zake. Donge limeshuka hadi 230, kisha 215. Bei ni ileile. Mama wanalipa kwanza ndipo wabebe. Mizani iko stoo chini ya magunia matupu. Ukutani pale mbele bado pameandikwa kwa rangi nyekundu: MKATE WA HAKI. Nimepiga hesabu: kwa mikate 6,000 kwa siku, gramu 35 tunazokata ni kilo 210, yaani magunia manne ya unga na ushee. Kila siku.

Nauliza: huu ni ugonjwa wa kukua, au ni watu? Na je, kuna kampuni iliyokua ikabaki na roho yake?

#2 Kijana_wa_Kenya (Lubumbashi)
Kumbe! Mimi nilidhani tumbo langu ndilo limekua. Siku hizi nakula miwili na chai na bado natafuta bukari (ugali).

Jibu langu fupi: mshirika. Pesa ya mtu huja na mdomo wake.

#3 Shangazi_Zawadi (Nairobi)
Karibu jukwaani, Kijana wa Kenya. Nyumbani ni kaunti gani?

#4 Kijana_wa_Kenya
Shangazi, Kenya yetu ni komini (sehemu ya mji) ya Lubumbashi, ina soko lake na fujo zake. Kutoka Katuba hadi Kenya hatuhitaji pasipoti.

#5 Shangazi_Zawadi
Haya. Nimejifunza kitu kabla ya chai.

#6 Mzee_wa_Terili (Lubumbashi)
Bana, muniache niseme. Miye nilizaliwa mu kampi. Baba alikuwa anatumika Gécamines, kampuni ya shaba. Kila mwezi posho ilikuwa inakuya: bunga, samaki, mafuta. Batoto tulikuwa tunasoma masomo (shule) ya kampuni, tukigonjwa tunaenda ku hopitali ya kampuni. Batu balikuwa banasema kazi njo (ndiyo) baba, njo mama.

(Sasa naandika Kiswahili cha shuleni, maana naona Shangazi wa Nairobi ameshakunja uso.)

Ninachotaka kusema: ile kampuni ilikuwa inakua na posho ilikuwa inakua nayo. Mwaka 1986 walitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na miaka michache baadaye uzalishaji wote haukufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ule ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kwa hiyo kukua si ugonjwa. Kilichoua ubaba na umama ni njaa ya kampuni. Gécamines ya 1906 ilianza na mahema, ikafika kwenye shule na maternite (hospitali ya uzazi). Karani, huenda bulanjeri yenu inaonekana nene lakini ina njaa.

#7 Mwalimu_wa_Ibanda (Bukavu)
Mzee, marekebisho kidogo. 1906 ni Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni. Gécamines ni mtoto wa utaifishaji wa 1967.

La pili ni zito zaidi. Ule ubaba haukuanza kwa huruma. Mwanzoni Union Minière ilikuwa inaleta wanaume kutoka mbali kwa mikataba mifupi, wakifa kwa magonjwa au kutoroka, na kila mara kuwatafuta wengine kuligharimu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ndipo ikaanza mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu wake na watoto kambini, ikajenga zahanati. Ni hesabu. Mtu mwenye mke kambini hatoroki. Sasa sisi tunaichukua hesabu iliyotoa jibu zuri, tunaiita roho ya kampuni.

#8 Mzee_wa_Terili
Asante mwalimu kwa 1906, umri unanicheza. Lakini samaki wa hesabu na samaki wa huruma wana utamu uleule ukiwa na miaka saba.

#9 Msema_Wazi (Goma)
Mwalimu amenifungulia mlango, naingia na viatu. Karani, usikasirike. Mlipokuwa saba mlikuwa na wauzaji wangapi? Ishirini? Mzee wenu aliwakopesha kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumbebea mkate. Hakuwa na depo, hakuwa na gari. Wale mama ndio waliokuwa gari lake. Leo ana depo nne, hawahitaji tena. Roho haijabadilika hata kidogo, ni mahitaji yamebadilika. Watu wengi huuita ufukara wao maadili, wakipata pesa tunashangaa maadili yamekwenda wapi.

#10 Karani_wa_Unga
Kwenye deni nakupa nusu. Kwenye mizani sikupi kitu.

Nilikuwepo siku mwanafunzi mmoja alikosea jiwe, akapima dazeni kumi na tano na jiwe pungufu. Mikate 180 ikatoka tanurini mizuri kabisa, ya rangi ya asali, hakuna jicho lingegundua. Mzee akaushika mmoja, akaupandisha na kuushusha mkononi kama anayepima kuku sokoni, akasema "huu una uongo ndani". Yote ikauzwa nusu bei na iliyobaki tukala sisi. Wiki ile hakulipa kodi ya nyumba yake. Huo ufukara gani unaojiongezea ufukara?

#11 Dada_Faida (Goma)
Mimi naleta ya mikopo, maana ndiko niliko. Mnalia na mkate, wenzenu walifanya hivyo na maskini wenyewe. Compartamos ya Mexico ilianza kama shirika la kusaidia wanawake wa vijijini, mwaka 2007 ikauza hisa sokoni, wenye hisa wa mwanzo wakavuna faida nene kutokana na riba ambazo hata Muhammad Yunus wa benki ya Grameen ya Bangladesh alizipinga waziwazi. Na Yunus ndiye aliyepewa Nobel ya amani 2006 kwa kazi hiyohiyo ya mikopo midogo. Yaani ndugu wa ukoo mmoja hawaelewani tena nini kilikuwa lengo.

Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kikundi cha mama kumi na wawili, tukikopa kwenye koperative moja ya akiba, jina silitaji. Mwanzo karani wao alikuja kwa miguu, anakaa kwenye kibao, anajua nani ana mtoto mgonjwa. Dhamana ilikuwa sisi kwa sisi. Wakapata jengo la ghorofa. Karani wa kwanza akawa shefu (bosi), hashuki tena. Aliyekuja baada yake akaniuliza hati ya kiwanja. Nikamwambia kiwanja ni cha shemeji. Akafunga faili kwa upole sana. Ule upole ndio ulioniuma.

#12 Shangazi_Zawadi
Pole dada. Lakini tusiseme wote huanguka. Equity hapa kwetu ilianza 1984 kama chama kidogo cha kukopesha watu nyumba, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa karibu kufa, ikasimama kwa kufungulia akaunti watu ambao benki kubwa hazikuwataka, ikawa benki kamili 2004. Na nyinyi Wakongo mnaijua, 2020 ilinunua benki yenu ya BCDC.

#13 Msema_Wazi
Shangazi, umethibitisha hoja yangu. Watu wadogo ndio walikuwa soko pekee lililobaki wazi. Hesabu!

#14 Shangazi_Zawadi
Wewe kila kitu hesabu. Mkeo ulimuoa kwa kikokotoo?

#15 Msema_Wazi
Kwa mahari ya awamu tatu. Ya tatu bado 😂

#16 Fundi_Donge (Kolwezi)
Nimeoka mkate miaka kumi na tisa, naomba nafasi.

Kwanza Karani, hesabu yako ya magunia ina maji. Kilo 210 ulizosema ni za donge, na donge si unga mtupu. Kwa kila kilo ya unga tunatia maji karibu gramu 600, chumvi na hamira. Kwa hiyo unaokoa kama kilo 130 za unga, magunia mawili na nusu. Bado ni wizi, ila wizi mdogo kuliko ulioandika.

Pili, hamjataja noti. Mkate mdogo hauuzwi kwa bei, unauzwa kwa noti. Mtoto anakuja na noti ya falanga 500, anataka kitu cha 500. Hakuna noti ya 600, na noti za 100 zimechakaa mpaka mama wanazikataa. Unga wa ngano unatoka nje, unalipwa kwa dola. Dola ikipanda, bei iko kwenye noti haisogei, kinachosogea ni gramu. Mzee wenu angekuwa mtakatifu wa mbinguni, noti ingembana vilevile. Mimi nimepunguza donge mara tatu na sina mshirika wala depo.

#17 Kijana_wa_Kenya
Fundi ameleta jibu la tatu au la nne, nimepoteza hesabu. Mwambieni Msema Wazi atuhesabie.

#18 Karani_wa_Unga
Fundi, asante, hata aibu imenipata kwenye magunia. Lakini kupunguza ni jambo moja, kuficha mizani ni jingine. Kama noti ndiyo inayobana, kwa nini tusiweke mizani mlangoni na kuandika "sasa ni gramu 215"?

#19 Fundi_Donge
Kwa sababu jirani yako ana 200 na haandiki.

#20 Mpenda_Tarakilishi (Lubumbashi)
Google nao walikuwa na "usiwe mwovu". Waliiandika hata kwenye barua ya kuuza hisa 2004. Mwaka 2018 wakaifuta kimyakimya.

#21 Mwalimu_wa_Ibanda
Nusu sahihi. Waliiondoa pale mbele kwenye utangulizi wa kanuni zao za maadili, lakini sentensi ya mwisho kabisa ilibaki nayo. Imehama kutoka sebuleni kwenda uani.

#22 Mpenda_Tarakilishi
Kama mizani ya Karani basi. Haikutupwa, imewekwa stoo.

#23 Wakili_wa_Nyawera (Bukavu)
Wote mnazungumza roho, mimi naomba karatasi. Yvon Chouinard wa Patagonia, kampuni ya nguo ya Marekani aliyoianzisha 1973, aliona tatizo hili mapema. Mwaka 2022 familia yake ikatoa hisa zote: asilimia 2 zenye kura zikaenda kwa amana inayolinda malengo ya kampuni, asilimia 98 zisizo na kura zikaenda kwa shirika la mazingira linalopokea faida. Hakuna mrithi wala mnunuzi atakayeyageuza malengo hayo kirahisi.

Kwetu hatuna chombo cha namna hiyo, lakini tuna OHADA, sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, ambayo Kongo iliingia 2012. Kama bulanjeri ni SARL (kampuni ya dhima yenye kikomo), kubadili statuti (katiba ya kampuni) kunahitaji washirika wenye angalau robo tatu ya mtaji. Kwa hiyo mwenye zaidi ya robo anaweza kuzuia. Mngeandika gramu na mizani kwenye statuti tangu mwanzo, leo mshirika angegonga ukuta. Maamuzi ya kawaida yasiyogusa statuti yanataka zaidi ya nusu tu. Karani, mshirika ana asilimia ngapi?

#24 Karani_wa_Unga
40. Mzee ana 60.

#25 Wakili_wa_Nyawera
Basi mshirika peke yake hawezi kuamua hata rangi ya mlango. Nani alikubali gramu 215?

#26 Msema_Wazi
👀

#27 Kijana_wa_Kenya
Karani yuko wapi? Amekwenda kupima donge?

#28 Karani_wa_Unga
Nipo. Karatasi ya 230 na ile ya 215 zote zina sahihi ya Mzee. Nilizifaili mimi mwenyewe. Nimeandika uzi mzima nikimlaumu mtu wa asilimia 40 kwa sababu yule wa 60 ndiye aliyenifundisha kazi.

#29 Mzee_wa_Terili
Pole mwanangu. Usimhukumu haraka. Mtu wa miaka sabini mwenye midomo 64 ya kulisha husaini mengi.

#30 Mama_Aisi (Bukavu)
Na wale wa aiskrimu, Ben & Jerry's? Wakubwa wao hawakulipwa zaidi ya mara tano ya mfanyakazi wa chini. Unilever ilipowanunua 2000 ndipo kila kitu kikaharibika.

#31 Mwalimu_wa_Ibanda
Mama, ile ya mara tano walianza kuilegeza wenyewe. Ilipandishwa kuwa mara saba, kisha ikaachwa katikati ya miaka ya 1990 walipotafuta mkurugenzi wa kutoka nje na hakuna aliyekubali mshahara ule. Unilever alikuta mlango uko wazi. Ugomvi mkubwa wa wazi ulikuja baadaye sana, hadi Jerry mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wawili, akajiuzulu Septemba 2025.

#32 Mama_Aisi
Sawa, nimekubali. Ila inafanana na sahihi ya Mzee.

#33 Binti_wa_Beseni (Lubumbashi)
Nimesoma wote, hamna hata mmoja anayeuza mkate mtaani. Mama yangu anabeba beseni tangu sijazaliwa, na nadhani najua bulanjeri hii ni ipi, sitasema.

Deni la asubuhi mnalolilia, mama halimuumizi sana. Wengi wanajiwekea likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu), zamu ikifika wanalipa mbele. Gramu nazo mteja anazijua kwa mkono, anapunguza uaminifu kidogo, maisha yanaendelea. Kilichomvunja mama ni mabaki. Zamani mkate usiouzwa ulirudishwa jioni. Mikate sita, kumi, unahesabiwa, unafutwa kwenye daftari. Mvua ikinyesha mchana kutwa unajua hasara si yako peke yako. Siku moja, hakuna tangazo, kijana wa depo akasema "mkate ukitoka umetoka". Basi. Siku hiyo tulikula mkate mkavu na maji ya sukari, na kesho yake, na keshokutwa.

Hiyo hamkuiandika hata kwenye "mambo mawili yasiyoguswa". Sisi kwetu ndiyo lilikuwa jambo la kwanza.

#34 Dada_Faida
Hapo umenyamazisha jukwaa.

#35 Karani_wa_Unga
Binti, ni kweli. Kulikuwa na safu ya mwisho kwenye daftari langu, niliiandika "R", ya mikate iliyorudi. Tulipohamia kompyuta, programu haikuwa na safu hiyo, na mimi nikaona ni nafuu kuiacha. Hakuna aliyeamua. Hakuna sahihi. Niliiacha mimi.

#36 Wakili_wa_Nyawera
Hiyo hata statuti isingeiokoa.

#37 Msema_Wazi
Naondoa neno langu la ufukara, kwa leo tu. Ila kabla mtu hajasema dawa ni koperative kwa sababu kila mtu ana kura moja, akumbuke Mondragon, kundi la koperative kule Basque, Hispania. Walianza 1956, wafanyakazi ndio wenye mali, mishahara ya juu na ya chini haiachani sana. Mwaka 2013 kampuni yao ya friji na majiko, Fagor, ile ya kwanza kabisa, ikafilisika. Na walionyima pesa ya mwisho ya kuiokoa walikuwa koperative ndugu zake.

#38 Mwalimu_wa_Ibanda
Malizia. Wafanyakazi wake wengi walihamishiwa kwenye zile koperative nyingine badala ya kutupwa barabarani. Kwa hiyo roho ilikufa au ilibaki?

#39 Msema_Wazi
Mwalimu, usiku umeingia.

#40 Mpenda_Tarakilishi
Mifano ya mbali ya nini? Timu ya mpira ya Mazembe ilianzishwa hapahapa 1939 na wamonaki Wabenedikto ili vijana wacheze. Ikapita kwenye jina la matairi ya Englebert, ikafika fainali ya klabu bingwa ya dunia 2010. Leo nani anakumbuka wamonaki?

#41 Kijana_wa_Kenya
Usiguse Mazembe. Mkate ongeeni, Mazembe wacheni.

#42 Mzee_wa_Terili
Miye ni mutu wa Lupopo, bapinzani ba Mazembe, sina la kusema 😄

#43 Karani_wa_Unga
Wandugu, taarifa. Jumamosi alfajiri nilitoa mizani stoo, nikaipangusa, nikaiweka mezani pale mlangoni. Sikumuuliza mtu. Mama wawili waliweka mkate juu yake, wakatazamana, wakalipa, wakaondoka. Mshirika alipita akauliza nani ameileta takataka hii. Mzee alikuja saa mbili. Aliiangalia muda mrefu. Nikasubiri anifukuze au anipongeze. Akahesabu mawe kwenye kisanduku kwa kidole, akasema, "Jiwe la gramu hamsini liko wapi?" Kisha akaingia ofisini.

Safu ya R nimemwambia yule kijana wa programu. Anasema inahitaji siku tatu na dola mia moja na ishirini. Ombi liko mezani kwa Mzee, halijasainiwa.

#44 Binti_wa_Beseni
Mama anauliza, siku tatu za kazi au siku tatu za kawaida?

#45 Fundi_Donge
Bila jiwe la hamsini hutapima 250, mawe makubwa yanaruka kutoka mia kwenda mia mbili. Litafute kabla ya kubishana na mtu.

#46 Kijana_wa_Kenya
Mawe ya mizani ya zamani yanauzwa soko la Kenya, kwa yule mzee wa vyuma karibu na wauza mitumba. Nikuletee kesho?

#47 Karani_wa_Unga
Leta.

#48 Shangazi_Zawadi
Kenya ipi?